Orodha ya dola 500: uhakiki kutoka Tchomia



Kuna orodha moja inayotembea kwa magrupu yetu ya WhatsApp. Mara iko kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza, mara nyingine ni picha tu ambayo mtu amepiga kwa simu ya mwenzake. Jina lake ni "PC ya gaming ya dola 500". Maneno yanabadilika kidogo, lakini mwili wake ni ule ule: prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya picha Radeon RX 6600, karte mama ya B450 ao B550, ramu giga 16 za DDR4, SSD ya NVMe ya tera 1, kisanduku cha umeme cha wati 550, na kasha yenye kioo pembeni na taa za rangi. Kila ikitumwa, wengi wanaandika "merci mingi" na mmoja anauliza kama vitu hivyo vinapatikana Bunia. Hakuna anayemjibu.

Leo nataka niisome orodha hiyo sawa vile tulifundishwa kusoma kitabu: nani anaongea, anaongea na nani, na ni vitu gani anadhani msomaji tayari yuko navyo nyumbani. Naandika nikiwa hapa Tchomia, kando ya Ziwa Albert, fasi ambapo umeme wangu unatoka kwa pano, na ambapo kipande kikiharibika kinapashwa kuvuka maji ao kupanda mlima mpaka Bunia. Naandika pia juu najua vijana ambao wanatoa makuta kwa likelemba mwaka mzima ili kununua mashine moja. Mashine hiyo itacheza eFootball jioni, lakini mchana itaandika memwari, itakata video za ndoa, itachapisha CV za mtaa mzima. Dola 500 zikipotea, zimepotea kwa watu wengi.

Nianze na haki yake. Orodha imeandikwa na watu wanaojua kazi. Haikupeleki kutupa pesa kwa karte mama ya bei kali. Giga 16 za ramu ni kipimo kizuri kwa michezo ya leo. SSD ni lazima, na mtu aliyezoea diski ya kuzunguka atashangaa siku ya kwanza. Ryzen 5 5600 ilitoka Aprili 2022 kwa dola 199: viini 6, nyuzi 12, wati 65. RX 6600 ilitoka Oktoba 2021 na bei ya kiwanda ya dola 329, kiisha ikashuka sana madukani. Iko na giga 8 za kumbukumbu na inakula wati 132. Kwa ekra ya 1080p vitu hivyo viwili vinaelewana vizuri sana. Ningekuwa Lyon ao Montréal, ningenunua vile ilivyo na nisingeandika kitu.

Shida iko kwa neno "bajeti". Ndani ya orodha, bajeti ni bei unayolipa dukani, basi. Ukiisha kulipa, hesabu imekwisha. Kwetu hesabu ndiyo inaanza. Kuna bei ya dukani. Kuna safari: gari, mashua, duane, moto. Kuna wati, kila siku, kwa miaka. Kuna siku kipande kitakufa. Na kuna kuupata mchezo wenyewe, maana mashine bila mchezo ni kabati. Orodha inajibu swali la kwanza tu. Tupite kipande kwa kipande.

Prosesa: herufi moja

Ryzen 5 5600 haina sehemu ya picha ndani yake. Picha yote inatoka kwa kadi. Kadi ikikufa, feni zinazunguka, taa zinawaka, ekra inabaki nyeusi. Mtu wa Ulaya anarudisha kadi dukani na garanti yake, na wakati anangoja anatumia ordinatere nyingine. Hapa kadi inapashwa kurudi Kampala kama muuzaji anakubali, na wakati huo wote huwezi hata kufungua Word. Memwari yako iko ndani, unaijua iko ndani, na huioni.

Kuna prosesa ndugu yake, Ryzen 5 5600G, iliyotoka Agosti 2021. Herufi G inaonyesha kwamba sehemu ya picha iko ndani ya prosesa yenyewe. Viini ni 6, nyuzi 12, wati 65, sawa na mwenzake. Waandishi wa orodha hawaipendi na wako na sababu: kumbukumbu yake ya ndani ni mega 16 wakati 5600 iko na mega 32, na inaongea na kadi ya nje kwa PCIe ya kizazi cha 3 badala ya cha 4. Ukiweka kadi kubwa juu yake, itakuwa nyuma kidogo. Ni kweli kabisa.

Lakini tazama inachokupa. Unaweza kuanza bila kadi yoyote. GTA V inakubali, eFootball inakubali, FIFA za miaka iliyopita zinakubali, kwa 1080p ukishusha mapambo. Mwaka ujao ukipata makuta, unaongeza kadi. Kadi ikikufa, unaitoa, unachomeka waya wa ekra kwa karte mama, na kazi inaendelea. Kwa mtu anayeishi mbali na duka, kuwa na njia ya pili ya kupata picha kuna faida kushinda asilimia 10 ya kasi. Orodha haipimi kitu hicho kwa sababu majedwali yake yanapima mashine nzima tu, na hayapimi mashine iliyopoteza kipande.

Karte mama: mtego wa B450

Karte za B450 zilianza kuuzwa 2018, mbele ya prosesa za Ryzen 5000. Zile zilizokaa dukani muda mrefu zinaweza kuwa na BIOS ya zamani ambayo haitambui prosesa mpya. Unajenga vizuri, unabonyeza, hakuna picha. Orodha inasema kwa mstari mmoja: "fanya update ya BIOS". Kwa kawaida unafanya hivyo kwa kuazima prosesa ya zamani kidogo. Tchomia utaazima kwa nani?

Kwa hiyo sheria ni mbili. Chukua karte yenye kitufe cha kuweka BIOS kwa njia ya USB bila prosesa, ao mwambie muuzaji akuwashie mashine nzima mbele ya macho yako, mbele hujalipa. Njia ya pili haina gharama, na inakuonyesha mambo mengine matano kwa wakati mmoja.

Umeme: hapa orodha inaanguka

Chukua batri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ile ambayo wengi wetu tunaijua. Hesabu yake ni wati-saa 1,200. Kama ni batri ya asidi, usiiteremshe chini ya nusu kama unataka iishi. Unabaki na 600. Konvertisere inakula sehemu yake. Baki na kama 520. Hiyo ndiyo mali yako ya jioni.

Mashine ya orodha, ikicheza mchezo mzito, pamoja na ekra, inavuta kama wati 270. Gawanya: haifiki saa 2. Mashine ya 5600G bila kadi, pamoja na ekra, inavuta kama wati 120 ikicheza. Gawanya: saa 4 na kidogo. Ukiandika tu ao ukisoma PDF, inashuka chini zaidi na usiku wote ni wako. Hizi ni hesabu za karibu, kila nyumba itafanya zake, lakini umbali kati ya saa 2 na saa 4 hauwezi kufichwa na hesabu yoyote.

Sasa ona maana yake. Ili RX 6600 icheze saa zile zile 4, unapashwa kununua batri ya pili, na pano za kuijaza. Bei ya vitu hivyo haiko ndani ya dola 500. Kwa hiyo kadi ya picha, iliyosifiwa kwa "nguvu kwa kila dola", inakuja na deni ambalo mwandishi hajaliandika. Kwa sisi watu wa pano kipimo cha kwanza ni nguvu kwa kila wati. Anayewasha grupu analipa deni lile lile kwa esanse.

Kuhusu kisanduku cha umeme chenyewe, kile mateknisia wetu wanakiita alimantasio, orodha inasema wati 550 na kupita. Ngoja kidogo. Wati 550 ni uwezo wake wa mwisho. Havuti hizo zote saa zote, kwa hiyo namba kubwa siyo dhambi. Kitu cha kuangalia ni alama ya 80 Plus. Maana yake ni kwamba asilimia 80 ao zaidi ya umeme unaoingia inafika kwa vipande. Inayobaki inakuwa joto. Vipande vikiomba wati 100, kisanduku cha asilimia 80 kinavuta 125, kile cha asilimia 90 kinavuta 111. Tofauti ni wati 14. Kwa jioni ya saa 4 ni wati-saa 56, karibu nusu saa ya mchezo kwa mashine ya 5600G. Mtu wa mji mkubwa anaweza kucheka wati 14. Wewe usicheke.

Na kitu kimoja zaidi ambacho sijakiona kwa orodha hata moja: konvertisere za bei ndogo hazitoi wimbi laini, zinatoa wimbi la ngazi-ngazi. Visanduku vingi vya kisasa havipendi wimbi hilo. Vinalia, vinapata moto, vingine vinazima mashine ghafla. Kama bajeti yako inakubali kitu kimoja kizuri tu, weka pesa kwa konvertisere ya wimbi laini mbele ya kuweka kwa kadi ya picha. Haitakuongezea picha hata moja kwa sekunde. Italinda vipande vyote vingine.

Ramu: mbili mbili

Orodha inasema giga 16 na inasahau kusema kwa mikanda mingapi. Kwa mashine yenye kadi kubwa si kitu sana. Kwa 5600G ni kitu kikubwa, maana sehemu ya picha haina kumbukumbu yake, inakopa kwa ramu. Mkanda mmoja wa giga 16 ni barabara yenye njia moja. Mikanda miwili ya giga 8 ni njia mbili. Pesa ni karibu sawa, na michezo inabadilika kabisa. Muuzaji akikuambia "moja ya 16 ni bora, utaongeza baadaye", jua anaondoa kile anacho.

Bei nayo imebadilika. Mwisho wa 2025 ramu ilipanda sana dunia nzima, kwa sababu viwanda vinapeleka kazi yao kwa vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa ambayo wanafunzi wengi waliitegemea. Orodha iliyoandikwa mbele ya hapo bado inatembea na namba yake ya 500 kichwani, sawa na kalenda ya zamani ukutani. Meno ya ramu yamepakwa dhahabu kidogo. Sisi watu wa teritwari ya Djugu, na Mongbwalu yetu, dhahabu tunaijua. Lakini ramu inatufikia kwa bei ya wengine, na hakuna anayetuuliza.

Diski: kitu cha kukimbia nacho

Hapa naomba msomaji wa Kinshasa ao wa Nairobi anisikilize polepole. Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021. Mwanzoni mwa 2018 maelfu ya watu walipanda mashua hapa Tchomia na kuvuka mpaka Sebagoro, upande wa Hoima. Kila familia hapa inajua kufunga mzigo kwa haraka. Kwa hiyo mtu akiniambia desktop ni ujinga kwa mtu wa Ituri kwa sababu haibebeki, simcheki. Hiyo ni hoja nzito kushinda zote zilizo kwenye majedwali. Kasha ya kilo nane ao kumi haiingii kwa mashua iliyojaa watoto.

Jibu langu ni la nusu tu, lakini ni la kweli: kasha inaweza kubaki, kazi yako haipashwi kubaki. Orodha inataka SSD ya NVMe, ile ndogo inayofungwa kwa skrubu juu ya karte mama, mara nyingi chini ya kadi ya picha. Iko na kasi sana, ndiyo. Ila kuitoa kunaomba tournevis, mwangaza na dakika ambazo labda hauko nazo. SSD ya SATA ya inchi 2.5 ina kasi ndogo kuliko hiyo. Katika michezo mingi tofauti ni sekunde chache za kungoja. Lakini inatoka kwa kuchomoa nyaya mbili, ni nyembamba sawa na simu, ni nyepesi kuliko simu, na ukifika ng'ambo unaiunga kwa laptop yoyote na waya wa USB wa bei ndogo. Memwari yako, picha za familia, kazi za wateja, vyote mfukoni. Usiifunge na skrubu nne. Mbili zisizokazwa sana zinatosha. Hakuna orodha iliyowahi kuchagua diski kwa sababu hiyo. Mimi naichagua kwa sababu hiyo.

Mchezo wenyewe

GTA V ilipofika kwa PC Aprili 2015 iliomba giga 65 za nafasi. Leo inapita giga 100. Fanya hesabu ya mega zako za mwezi kiisha uniambie. Hapa michezo inasafiri kwa diski za nje, kutoka Bunia ao Kampala, mkono kwa mkono. Kwa hiyo usilipe tera 1 ya SSD ili kuweka michezo ambayo hautapakua. SSD ya giga 480 ao 500 kwa mfumo na kazi, na diski ya nje ya kuzunguka kwa ghala ya michezo, inatosha. Na mbele ya kununua mchezo, uliza kama unaomba intaneti kila siku ya kucheza. Mingi inaomba.

Kasha: taa na nzige wa ziwa

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kioo cha pembeni ni kizuri kwa picha. Sasa kipakie ndani ya mashua siku ya mawimbi. Taa za rangi ni nzuri pia, na wanaozipenda zaidi ni wale wadudu wadogo wa ziwa ambao jioni wanakuja kama wingu kwenye mwangaza wowote. Feni inawavuta, wanakauka ndani ya visafisha-joto, na mwezi wa tatu mashine inalia sawa na boti. Kingine: ziwa liko mita 600 na kitu juu ya bahari, Bunia iko juu ya mita 1,200. Mashine iliyopimwa Bunia usiku wa baridi itakutana na joto lingine hapa saa nane mchana. Chukua kasha ya bati, yenye wavu wa kuchuja vumbi unaoweza kuutoa na kuusafisha, na feni mbili za kawaida. Bila taa.

Wakati wa safari, toa kadi ya picha na uibebe mkononi ndani ya nguo. Kadi nzito ikitikiswa kwa barabara inaweza kuvunja mlango wake kwa karte mama. Na kumbuka soketi: waya wa Uganda uko na meno matatu ya mraba, ya Kiingereza, ukuta wetu ni wa matundu ya duara. Nunua waya wa meno ya duara, achana na kale ka-adapta kanakocheza-cheza na kutoa cheche.

Njia ya pili: mashine za ofisi

Wajanja wengi wanaikataa orodha na kusema: nunua ordinatere ya ofisi ya okazio, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, kiisha weka kadi ndogo. Wako na haki kwa sehemu kubwa. Mashine hizo ni ngumu, hazina maringo, na vipande vyake vinajulikana na mateknisia wa Bunia. Lakini njia hii nayo inasifiwa bila kusomwa vizuri, basi niisome.

Kwanza, umeme wake wa ndani. Visanduku vingi vya mashine hizo viko kati ya wati 200 na 300, na hazina waya wa ziada kwa kadi kubwa. Mlango wa PCIe wenyewe unatoa wati 75, hazipiti. Kwa hiyo kadi yako inapashwa kuishi ndani ya wati 75: GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019 lakini zile tu zisizo na tundu la waya, ao RX 6400 ya 2022 ambayo inakula 53. Kama kasha ni ile nyembamba, kadi nayo inapashwa kuwa fupi. Na kisanduku kikiungua, haubadilishi na chochote: OptiPlex 9020 ya 2013 tayari inatumia plagi ya meno 8 kwa karte mama, si ile ya 24 inayouzwa kila fasi.

Pili, majina yanadanganya. GT 1030 iko aina mbili chini ya jina moja. Ya 2017 inatumia kumbukumbu ya GDDR5 na inapitisha giga 48 kwa sekunde. Ya 2018 inatumia DDR4 na haifiki giga 17. Kasha za kadi zinafanana. Muuzaji labda hajui mwenyewe. RX 6400 nayo inaongea kwa njia 4 tu za PCIe. Kwa mashine ya zamani ya kizazi cha 3 inapoteza nguvu ambayo majedwali yaliiahidi. Na kuna kadi za uongo kabisa: kadi ya zamani iliyoandikwa upya ndani ili ijiite 1050 Ti. Dawa ni programu ndogo ya GPU-Z, ambayo tangu 2018 inaweza kutambua nyingi kati ya hizo na kuandika FAKE mbele ya jina. Iweke kwa ufunguo wa USB, nenda nayo dukani. Muuzaji akikataa uiwashe, umepata jibu lako.

Tatu, Windows. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaomba rasmi TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo sababu ofisi za Ulaya na Marekani zinatupa mashine za kizazi cha 4, 6 na 7, na ndiyo sababu zinatufikia kwa wingi. Ukiona Core i5-4570 kwa bei ya kuchekesha, jua kwa nini inacheka. Bado inacheza PES 2017 vizuri sana, na Linux inaikubali bila shida. Ila kwa kazi yenye benki ao nyaraka za watu, tafuta kizazi cha 8, sawa i5-8500 ya 2018, yenye viini 6. Bei inapanda kidogo, miaka ya kuitumia inapanda zaidi.

Hukumu

Kama uko na karibu dola 500 na unataka mashine mpya: 5600G, karte mama ya B550 iliyowashwa mbele yako, mikanda miwili ya giga 8, SSD ya SATA ya giga 480, kisanduku chenye 80 Plus ya kiwango kizuri, kasha ya bati. Kadi ya picha, mwaka ujao ao hapana. Kama ramu imepanda mpaka hesabu haiingii, usikope; teremka kwa njia ya pili.

Kama uko na nusu ya pesa hizo: mashine ya ofisi ya kizazi cha 8, kasha nene siyo nyembamba kama unaweza kuchagua, ongeza ramu ifike 16 kwa mikanda miwili, SSD, kiisha tu 1050 Ti ao 1650 uliyoipima na GPU-Z. Ikicheza pamoja na ekra inavuta kama wati 160: saa 3 na kidogo kwa batri ile ile.

Na RX 6600? Ni kadi nzuri. Ninunue siku nyumba yangu iko na umeme usiohesabiwa kwa ampea.

Kuna wawili watakaonipinga, na nawaheshimu. Wa kwanza atasema: nunua Play, cheza, kazi ya shule fanya kwa simu. Kwa mtu anayetaka tu mpira na marafiki, yuko na haki, asisumbuke na makala hii. Ila mtu aliyejaribu kupanga bibliografia ya kurasa sitini kwa simu anajua mwisho wa hadithi. Wa pili atasema: nunua laptop, iko na batri yake na inakimbia na wewe. Huyo hoja yake ni ngumu. Kama maisha yako bado ni ya kuhama-hama, msikilize yeye kuliko mimi. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kwa bei moja laptop ya gaming ya okazio inakuja na batri iliyochoka na joto lisilo na pa kutokea, na kadi yake ya picha ikikufa hauwezi kuitoa na vidole. Desktop inakufa kipande kwa kipande, na kipande kinabadilishwa. Kwa mji usio na duka, hiyo ndiyo sababu yangu ya kuendelea kuitetea.

Orodha ya dola 500 itaendelea kutembea, na siombi mtu aifute. Naomba kila anayeituma aongeze mistari mitatu chini yake: inavuta wati ngapi pamoja na ekra, kipande gani kikikufa kinazima vyote, na nani, kwa jina la mji, anaweza kukitengeneza. Walio Mahagi, Aru, Beni, Kasenyi, na ninyi mnaosoma Kampala: andikeni zenu hapa chini, na bei mlizolipa kweli. Tutazikusanya tuwe na orodha iliyoandikwa na watu wanaoishi na mashine zao.